Msaada wakuu: konekta 3 zinaning'inia kwenye Corolla ya 1994, sijui zinaenda wapi

Sikitu

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mnisaidie, hii ni wiki ya tatu nipo na hili gari na kila nikifungua boneti nazidi kuchanganyikiwa.

Gari ni Corolla AE100 ya mwaka 1994, injini 5A-FE yenye distributa. Nimeinunua kwa mtu. Ilikuwa otomatiki, lakini mwenye gari wa zamani aliipeleka kwa fundi giaboksi ikabadilishwa, sasa ni manyuo. Inawaka na inatembea. Shida zake ni hizi: taa ya injini kwenye dashibodi haizimi, asubuhi inatoa moshi mweusi na kunuka petroli, taa za rivasi haziwaki kabisa, na juzi niliwasha nikiwa nimesahau imo kwenye gia ikaruka mbele. Mwanangu alikuwa amesimama pembeni, sio mbele, namshukuru Mungu. Tangu siku hiyo sijaitoa.

Jana nimesafisha sehemu ya injini, nikakuta konekta 3 ambazo hazijachomekwa popote.

Ya kwanza ni kubwa, ipo chini karibu na giaboksi, ina nafasi 9. Nafasi mbili zimeunganishwa kwa kipande cha waya kisha ikazungushiwa tepu nyeusi.

Ya pili ni ndogo, waya 2, inaning'inia nyuma ya distributa. 

Ya tatu nayo ni ya waya 2, ipo mbele nyuma ya bampa, imefungwa kwa tepu kwenye wayaringi kubwa.

Kosa nililofanya: kuna kidude chenye mipira miwili ya hewa karibu na manifoldi, nilichomoa konekta yake ili nilinganishe na hiyo ya pili. Zinafanana kabisa, umbo moja, na vumbi limekula rangi. Kuna sensa hapo jirani pia imekaa wazi, na zote mbili zinaingia kote kote. Sasa sikumbuki ipi ilikuwa kwenye kidude. Nina multimita ya kawaida. Sijawasha gari.

FundiTaa

Pole sana dada/kaka, na umefanya vizuri kutowasha. Kuingia siyo kukubali. Viwanda vinatumia konekta ya umbo moja kwenye vitu vingi, kinachovitenganisha wakati mwingine ni rangi ya kasha na urefu wa waya tu.

Hizo mbili ndogo zitatajana zenyewe. Kidude chenye mipira ya hewa ni vali ya umeme ya vakyumu, VSV. Sensa iliyo wazi, kama imefungwa kwenye bomba linalotoa maji kwenye injini kwenda kwenye rejeta, ni ya joto la maji inayopeleka taarifa kwenye kompyuta. Usiichanganye na ile ya waya mmoja iliyo karibu yake. Hiyo ya waya mmoja ni ya geji ya dashibodi tu, kompyuta haiijui.

Fanya hivi. Zote mbili ziwe nje. Funguo kwenye ON, injini isiwake. Multimita weka volti DC, kipimo cha 20. Ncha nyeusi iguse hasi ya betri, ncha nyekundu iguse kila waya kwa zamu. Konekta ya sensa itakupa karibu volti 5 kwenye waya mmoja, kwa sababu kompyuta ndiyo inayoutoa umeme huo. Konekta ya VSV itakupa volti za betri, 12 na kitu, kwenye waya mmoja. Hapo hutahitaji kukumbuka chochote.

Halafu zima funguo, pima vyenyewe kwa omu. Sensa ya joto la maji ya Toyota za miaka hiyo, injini ikiwa imepoa kwenye nyuzi 20 hivi, inasoma kati ya kilo-omu 2 na 3. Injini ikifika nyuzi 80 inashuka hadi omu 200 mpaka 400. VSV ni koili, itakupa makumi ya omu tu, na haibadiliki hivyo.

NyuziZaKale

Naongezea kwa FundiTaa. Kama hizo mbili zingebadilishana, sidhani kama kitu kingeungua hapo hapo, ila kompyuta ingesoma omu chache za koili ya VSV na kudhani injini imechemka kupita kiasi. Ingenyima petroli asubuhi, gari isingetaka kuwaka. Moshi mweusi wako unaonyesha kinyume: petroli inamwagwa nyingi. Nahisi sensa ya maji imekaa wazi tangu giaboksi ilipobadilishwa, na kompyuta inakisia tu.

Usikisie na wewe, iulize. Gari lako lina kiboksi kidogo chini ya boneti chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, ndani yake pameandikwa jina la kila pini. Tafuta TE1 na E1. Funguo ikiwa OFF, ziunganishe hizo mbili kwa kipande cha waya, kisha weka ON bila kuwasha. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo bila kituo, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara 2, ikatulia kidogo, ikapepesa mara 2 tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 24 ni joto la hewa, 41 ni ya throto, 42 ni ya mwendo wa gari, 21 ni oksijeni.

Soma herufi mara mbili kabla ya kuingiza waya. Kwenye kiboksi hicho hicho kuna +B, ambayo ina umeme wa betri. Ukiiunganisha na E1 umepiga shoti.

Mkono_wa_Gia

Mi huwa nachoma tu pini ya kushonea kwenye waya, napima, naendelea. Haina haja ya kuchomoa konekta.

FundiTaa

Mkuu hapana, hilo naomba tusimfundishe mtu. Tundu la pini kwenye ganda la waya halizibiki. Maji yanaingia, shaba inageuka kijani, mwaka unaofuata waya umeliwa ndani na nje unaonekana mzima. Nimekata waya nyingi za namna hiyo, na kuitafuta sehemu iliyooza ni kazi ya siku nzima. Kama unataka kupima konekta ikiwa imechomekwa, ingiza kisindano chembamba kwa nyuma, pale waya unapoingilia, kiteleze sambamba na waya hadi kiguse pini. Kama kuna raba ya kuzuia maji, pita taratibu pembeni yake. Kwa mbele usiingize ncha nene ya multimita kwenye pini ya kike, inaipanua na kuanzia siku hiyo haishiki vizuri. Utakuwa umetengeneza ugonjwa mpya wakati unatafuta wa zamani.

Na ile taa ya kupimia ya balbu ibaki kwenye fyuzi, taa na honi. Balbu inavuta umeme mwingi kuliko waya wa kompyuta unavyoweza kubeba.

Mkono_wa_Gia

Nimekuelewa mkuu. Sikujua hilo la kuoza.

Koili12V

Nizungumzie hiyo kubwa, maana ndiyo iliyotaka kukuumizia mtoto.

Hiyo ni ya swichi ya nyutro ya giaboksi otomatiki. Swichi yenyewe inakaa ubavuni mwa giaboksi, inazunguka pamoja na mkono wa gia. Inafanya mambo mawili. La kwanza, inaruhusu stata kuzunguka ukiwa kwenye P au N peke yake. La pili, inawasha taa za P R N D kwenye dashibodi, na waya wa R huo huo ndio unaopeleka umeme kwenye taa za rivasi nyuma.

Giaboksi ilipotolewa, swichi iliondoka nayo. Stata ikagoma. Aliyefanya kazi akaziunganisha waya mbili nene kwa kipande cha waya, gari likawaka, akafunga boneti. Sasa stata yako inazunguka hata ukiwa gia ya kwanza, na taa za rivasi hazina pa kupatia umeme. Shida zako mbili zote zimo kwenye konekta moja.

Nenda chini ya gari (uweke vigingi, usitegemee jeki peke yake) utazame giaboksi ya manyuo. Inayo swichi yake ya rivasi, imefungwa kama boliti, ina pini mbili. Nina uhakika itakuwa imekaa tupu.

Kuutafuta waya wa R: weka nyutro, vuta breki ya mkono, funguo ON. Kwenye konekta kubwa tafuta waya mwembamba wenye volti 12, huo ndio unaolisha taa. Tengeneza waya wa majaribio wenye fyuzi ya ampea 5 katikati. Balbu mbili za rivasi za wati 21 zinavuta kama ampea 3.5, kwa hiyo 5 inatosha na itakulinda. Kutoka kwenye huo wenye volti 12, gusa waya nyembamba nyingine mmoja mmoja. Itawaka P, itawaka N, na mmoja utawasha taa za nyuma. Usiguse zile nene mbili kwa waya huo kwa sababu yoyote. Ukizipa umeme unaweza kuzungusha stata, na wewe umeinamia feni.

Sikitu

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Narudi na vipimo.

Ndogo mbili: moja imesoma 4.9, nyingine 12.3. Sensa asubuhi ikiwa baridi imesoma kilo-omu 2.4, VSV omu 36. Nimezichomeka kila moja kwake, ila ile ya sensa kibanio chake kimevunjika. TE1 na E1 zimepepesa 22, ikarudia 22, hakuna namba nyingine. NyuziZaKale ulisema.

Swali, taa ya injini imezimika nilipowasha, lakini nikiunganisha tena TE1 na E1 bado inanipa 22. Sensa imeharibika?

Kubwa sijafanikiwa. Nimepata mchoro wa umeme wa gari hili kutoka kwa rafiki, nikatafuta namba ya pini ya rivasi nikaihesabu, lakini waya niliofikia una rangi tofauti na ya kwenye mchoro. Mchoro unasema R-B, mimi naona kama nyekundu yenye mstari mweusi upande wa pili kabisa wa konekta. Au B ni buluu?

NyuziZaKale

Sensa haijaharibika. 22 imehifadhiwa kwenye kumbukumbu, kuchomeka konekta hakuifuti. Zima funguo, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI, subiri zaidi ya sekunde 10 (mimi hupenda dakika nzima), rudisha. Isome tena baada ya kuendesha.

Kuhusu rangi, B ni nyeusi. Buluu kwenye michoro ya Kijapani ni L, na hapa watu wengi huteleza. Lg ni kijani mpauko, Gr ni kijivu, G peke yake ni kijani, Br kahawia, V zambarau. Herufi ya kwanza ni rangi ya waya mzima, ya pili ni ya mstari. Kwa hiyo R-B ni nyekundu yenye mstari mweusi, huo huo unaouona. W-B, nyeupe yenye mstari mweusi, kwenye Toyota ukiikuta mara nyingi ni ethi, yaani waya unaorudi kwenye bodi na hasi ya betri. Osha waya kwa kitambaa chenye spiriti kwanza. Nyeupe iliyokaa na joto la injini miaka 30 inafanana na njano, na zambarau inakuwa kahawia.

Koili12V

Na namba umezihesabu kwa kinyume. Hapa hata mafundi wa siku nyingi wanapotea, usijilaumu.

Mchoro unaonyesha konekta kana kwamba unaitazama usoni, upande wa kuchomekea. Kwa Toyota, kasha lenye pini za kike linahesabiwa kuanzia juu kushoto kwenda kulia, kisha mstari wa chini. Lenye pini za kiume linahesabiwa kuanzia juu kulia kwenda kushoto, kwa sababu zikikutana namba 1 lazima igusane na namba 1. Sasa wewe ulikuwa umelala chini unaitazama kwa nyuma, upande wa waya. Kila kitu kimegeuka kama kwenye kioo. Juu ni kibanio, anzia hapo siku zote. Geuza uso ukutazame, hesabu upya, utaukuta waya wako.

Namba na rangi vikikubaliana, na kipimo kikikubali, hapo ndipo ukate. Kimoja kikikataa usikate.

Binti_Kinondo

Samahani kudandia uzi. Mimi nina gari la Kijerumani la 1991, nimefuata hiyo rangi nyeusi nikidhani ni ethi, fyuzi imekatika. Nimekosea wapi?

NyuziZaKale

Kila nchi ina lugha yake dada. Kwenye magari ya Kijerumani ethi ni kahawia. Nyekundu tupu kwa kawaida ni umeme wa kudumu wa betri, na nyeusi mara nyingi ni umeme unaokuja funguo ikiwa ON, kwa hiyo ulipiga shoti umeme wa funguo. Wenyewe wanatumia zaidi namba, za kiwango cha Kijerumani kiitwacho DIN 72552: 30 ni betri moja kwa moja, 15 ni funguo, 31 ni ethi, 50 ni stata, 58 taa ndogo. Ndiyo maana kwenye rilei yoyote (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ibebe mkubwa) unakutana na 30, 85, 86 na 87, hata kama gari si la Kijerumani. Magari ya zamani ya Uingereza yenye mfumo wa Lucas ni kinyume chake: kahawia ndiyo betri ya kudumu, nyeusi ni ethi, nyeupe ni funguo. Kahawia ile ile, gari hili ethi, gari lile moto.

Rangi moja tu naomba uiheshimu kwenye magari yenye eabegi: konekta ya njano chini ya dashibodi au kwenye usukani. Usiipime kwa omu, usiichomoe betri ikiwa imefungwa. Umeme mdogo wa multimita unaweza kuwa mwingi kwa kile kiwashio.

Binti_Kinondo

Nashukuru sana. Kahawia nimeikuta, ina ethi kweli.

Sikitu

Wakuu, taa za rivasi zimewaka! Nimekaa nyuma ya gari nazitazama kama mtoto.

Ilikuwa kama Koili12V alivyosema. Nilipoigeuza konekta na kuhesabu kuanzia kwenye kibanio, R-B iliangukia kwenye namba ya mchoro. Nikaupa umeme kwa waya wenye fyuzi, zikawaka nyuma. Swichi ya giaboksi ilikuwa tupu, imejaa tope. Nimepima mwendelezo wake: gia ya rivasi inapitisha, nyingine haipitishi. Nimevuta waya mbili kutoka konekta kubwa hadi pale.

Moshi mweusi haupo, asubuhi mbili mfululizo. Nimefuta 22, haijarudi.

Yamebaki mambo mawili. Kile kipande cha waya cha stata bado kipo, naogopa kukitoa gari lisiwake tena. Na ile konekta ya tatu ya mbele haina volti yoyote, hata nikiwasha taa zote. Waya mmoja unasoma ethi.

Koili12V

Hongera. Furaha yako ni yangu pia.

Kipande cha waya kitoe, mahali pake weka swichi ya pedali ya klachi. Waya zile mbili nene zipite kwenye swichi inayofunga ukikanyaga klachi hadi chini, basi, stata haitazunguka mguu ukiwa nje. Ila angalia kwanza hizo waya zinaenda wapi. Kama zinaamsha rilei ya stata, swichi ndogo inatosha. Kama zinaenda moja kwa moja kwenye solenoidi ya stata, umeme ni mwingi na utaichoma swichi, weka rilei: swichi ya klachi iamshe rilei, rilei ndiyo ibebe mzigo. Nakuomba usiliache hili kwa kuwa gari sasa linatembea vizuri.

FundiTaa

Ya tatu iache. Wayaringi ilitengenezwa moja kwa matoleo mengi ya gari, kwa hiyo konekta za vitu ambavyo gari lako halikuuziwa navyo zipo tu. Hapo mbele pengine ni ya taa za ukungu. Dalili ni ile tepu: kiwanda huikunja konekta isiyo na kazi nyuma juu ya wayaringi na kuifunga ili isigonge. Konekta iliyopoteza mwenzake haifungwi hivyo, inaning'inia kama zile zako mbili. Ifunike isinywe maji.

Kibanio kilichovunjika cha sensa usikitie gundi wala silikoni. Tafuta kasha jipya. Mchoro wako utakuwa na ukurasa wa maumbo ya konekta, na namba za Toyota za makasha huanza na 90980. Ukikosa, pima upana wa pini ya sensa: 2.3 mm ni ile wanayoiita 090, 2.8 mm ni 110, 6.3 mm ni 250. Chukua yenye upana huo, idadi hiyo ya pini na umbo hilo la kasha, yenye raba za kuzuia maji. Kuitoa pini kwenye kasha la zamani, kuna ulimi mdogo wa plastiki ndani, unanyanyua kwa kisindano huku ukisukuma waya kidogo mbele ndipo uvute. Ukivuta kwa nguvu bila kunyanyua, unaikata.

Sikitu

Nimepima, ni 2.3. Swichi ya klachi nimeipata, na waya nene nimezifuata zinaishia kwenye rilei. Naifunga kesho mchana.

Nimechora pia karatasi ya hizo konekta 3, rangi na namba za pini, nimeitia kwenye plastiki na kuibandika chini ya boneti, ili atakayelifungua baada yangu asianze gizani.

NyuziZaKale

Umefanya jambo kubwa. Kwenye karatasi hiyo andika pia upande uliotazama ulipohesabu. Na ule waya wa R ufuate hadi kwenye buti, andika rangi yake ya kule nyuma, maana ukipita kwenye konekta ya katikati unaweza kubadilika rangi.